Magugu Tuliyoyapanda Mchana

Sikukuu ya Mavuno ya mwaka jana ilitufundisha jambo ambalo hatukuliendea kanisani. Ibada ilikwisha salama, sadaka za mazao zikatolewa nje, na mnada ukaanza kama ilivyo desturi yetu. Palikuwa na mikungu ya ndizi, viazi, matenga ya nyanya na majogoo waliofungwa miguu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akainua fungu la karoti, akasita. Karoti moja ilikuwa imeota katikati ya pete ya plastiki, ile pete inayobaki shingoni mwa chupa ya maji ukishafungua kifuniko. Juu ya pete karoti imenenepa, chini ya pete imenenepa, katikati imebanwa kama mtu aliyevaa mkanda wa mtoto.

Watu walicheka sana. Mzee akatania kwamba karoti hii imekwisha kuvishwa pete, kwa hiyo atakayeitaka atoe mahari. Ikanunuliwa kwa shilingi elfu kumi, mnunuzi akairudisha iuzwe tena, ikauzwa tena.

Kisha bibi mmoja, ambaye kati yetu hakuna anayemzidi umri isipokuwa wawili, akaomba aishike. Akaigeuza mkononi, akauliza imetoka shamba la nani. Kimya. Ilikuwa imetoka shamba la usharika. Bibi akasema, "Hii mmeiona kwa kuwa karoti imeivaa. Zile ambazo hazikuvaliwa ziko ngapi?"

Sisi tunaoandika haya ni wanakamati wa mashamba wa usharika huo, katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Swali la bibi lilielekezwa kwetu, na tumelijibu kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Shamba lenyewe si kubwa, ni ekari moja na nusu bondeni, lakini ndilo linalolipa mahitaji ya shule ya watoto kumi na mmoja wasio na wazazi. Kila kinachoonekana katika udongo wake kinawagusa watoto hao kwanza.

Jumatano iliyofuata tuliingia shambani na majembe na chekeche ya mchanga. Tulichimba mahali pane, kila shimo upana wa sinia na kina cha jembe moja. Chekeche ilibakiza nyuzi nyeupe na buluu za mifuko ya salfeti, vipande vya rambo, makaratasi ya pipi, ncha za kamba za manila, na vipande vyeusi ambavyo mwanzoni hatukuvitambua. Mwalimu mmoja wa sekondari, mshiriki wa kwaya ya vijana, akatuambia tusiishie hapo. Alichukua udongo uliopita kwenye chekeche, ule tuliodhani ni safi, akauanika, akaumimina katika ndoo ya maji ya chumvi, akakoroga, akaacha utulie. Udongo ulizama. Juu ya maji zilielea chembe kama pumba za mahindi zilizosagwa, nyingine nyeupe, nyingine za rangi. Plastiki ya mifuko na ya kamba ni nyepesi kuliko maji, akasema. Ndiyo maana wanasayansi nao huitafuta kwa njia hii hii. Tukapokezana lenzi. Hakuna aliyecheka safari hii.

Swali likawa: vitu hivi vimeingia lini? Mlima huu umelimwa kwa karne nyingi. Babu zetu waligombana na serikali ya kikoloni miaka ya 1940 na 1950 juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, wakakataa amri kwa sababu zao, na baadaye wajukuu wakajenga matuta kwa hiari yao. Wote hao waligombania udongo ambao haukuwa na chembe hata moja ya namna hii. Kwa hiyo habari yenyewe ni fupi. Inaingia yote ndani ya maisha ya bibi yule aliyeuliza.

Tuliwaendea wazee kwanza. Tulipowauliza walivyokuwa wakifunga na kubeba, walitutajia migomba kabla ya kitu kingine chochote. Kamba ilikuwa gome la mgomba. Mche wa kahawa au wa mti ulibebwa katika gamba la mgomba lililokunjwa kama kikombe. Nyanya ziliwekwa kwenye tenga, unga kwenye kikapu cha ukindu, mahindi kwenye gunia la mkonge au la juti. Kitu kikichakaa kilitupwa shambani bila mtu kufikiri mara mbili, kwa sababu mwaka uliofuata hakikuwepo. Tabia ya kutupa shambani haikuwa uchafu basi. Ilikuwa namna ya kurudisha. Tunalisema hili kwa kuwa baadhi ya vijana wetu hudhani wazee walifundisha watu kuwa wachafu. Walifundisha jambo sahihi, kisha vitu vikabadilika mikononi mwetu na desturi ikabaki ileile.

Mkonge unastahili kusimuliwa kwa kirefu, maana habari ya plastiki katika mkoa wa Tanga inaanzia hapo. Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida mwaka 1892. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Wapo wanaosimulia kwamba miche hiyo ilisafirishwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Ni hadithi tamu, na tunawaachia wanaoipenda. Lililo hakika ni kwamba kutokana na miche ile 62 tambarare yote kutoka Pangani hadi Korogwe na kuendelea iligeuka kuwa mashamba ya mkonge. Manamba waliletwa kutoka mbali, na watu wa mlimani nao walishuka kutafuta fedha ya kodi na ya nguo. Uhuru ulipopatikana Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalifika kilele, kama tani 230,000. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikwenda Ulaya na Amerika kufunga marobota ya nyasi na nafaka katika mashamba ya watu wengine. Yaani kamba yetu ilikuwa ikioza katika udongo wao bila kudhuru mtu.

Wakati huohuo, mbali sana na Korogwe, kamba nyingine ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Mwaka 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walikuwa wakibana gesi ya ethilini kwa nguvu kubwa sana pamoja na kemikali nyingine. Jaribio halikwenda walivyotaka. Walipofungua chombo wakakuta utando mweupe kama nta. Hiyo ndiyo polithini, ambayo baadaye ikawa rambo, nailoni ya kufunikia kitalu, na mpira wa kumwagilia. Katika vita vya pili vya dunia ilitumika kufunika nyaya za rada. Vita vilipokwisha, viwanda vikatafuta kazi nyingine ya kuipa. Mwaka 1954 huko Milano, Italia, Giulio Natta akatengeneza polipropilini, na mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Polipropilini ndiyo inayofumwa kuwa mfuko wa salfeti na kusokotwa kuwa kamba. Ni imara, nyepesi, hailiwi na panya kwa urahisi, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mkonge.

Hatutaki kusema kwamba plastiki peke yake iliua mkonge. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, na uendeshaji ukawa na matatizo yake ambayo wazee hawakubaliani juu yake hadi leo. Lakini wakulima wa Ulaya walipoanza kufunga marobota yao kwa kamba ya plastiki, bei ya mkonge ilianguka, na mwisho wa karne mavuno ya nchi nzima hayakufika hata sehemu ya kumi ya yale ya 1964. Baba wa mmoja wetu alikuwa kwenye korona, akisimamia mashine ya kusaga majani ya mkonge. Alirudi mlimani bila kazi, akafungua bustani ya kabichi. Kamba aliyoinunua dukani kufungia mizigo yake ya kabichi ilikuwa ya manila, ya buluu. Hakulalamika. Alisema haikati mikono.

Kwa hiyo plastiki haikutujia kama adui. Tulipoulizana katika kamati ni lini kila mmoja alifurahia plastiki kwa mara ya kwanza, kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alitaja ndoo: kabla ya ndoo mama yake alibeba maji kwa mtungi, na mtungi mtupu peke yake ni mzigo. Mwingine alitaja kandambili. Mfuko wa salfeti, ambao jina lake lilitokana na mbolea iliyokuwa ikiletwa ndani yake, ulikuwa mali ya nyumba: uliwekewa viazi, ukashonwa kuwa mkeka wa kuanikia, ukakatwa kuwa pazia la choo, na mwisho ukachanika juani na kuishia shambani. Kila mtu hapa amewahi kushika mfuko wa salfeti uliokaa juani misimu miwili. Unaushika, unabaki na unga na nyuzi mkononi.

Hapo ndipo mwalimu wetu alipotufafanulia jambo ambalo tulikuwa tukiliona kila siku bila kulielewa. Plastiki ni minyororo mirefu sana ya chembe ndogo zilizoshikana. Mwanga wa jua hukata minyororo hiyo, kitu kikakakamaa, kikavunjika. Jembe nalo husaidia, na miguu, na mvua. Lakini kuvunjika si kuoza. Jani likioza limeliwa na vijidudu na kugeuzwa kuwa kitu kingine ambacho mmea unaweza kukila. Plastiki ikivunjika inabaki plastiki, kwa idadi kubwa zaidi. Mfuko mmoja huwa vipande mia, vipande mia huwa chembe zisizohesabika, na vijidudu vya udongo karibu havijui la kufanya nazo. Chembe zilizo chini ya milimita 5 ndizo wataalamu huziita maikroplastiki.

Tumehubiriwa mara nyingi kuhusu hazina isiyoharibiwa na nondo wala kutu, nasi tumeitamani, na ni haki kuitamani mahali inapostahili kuwekwa. Hatukuwahi kufikiri kwamba kitu kisicholiwa na nondo wala kutu kingeweza kuwa msiba kikiwekwa hapa duniani. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba mwanadamu alitengenezwa kwa mavumbi na kwamba atarudi mavumbini. Katika Kiebrania jina Adamu na neno la udongo, adama, ni ndugu. Tulizoea kuyasoma maneno yale kaburini kama adhabu tu. Baada ya ndoo ile ya maji ya chumvi, baadhi yetu tumeanza kuyasikia pia kama neema: Mungu alikipa kila kilicho hai njia ya kurudi. Tulichokitengeneza sisi hakina njia hiyo.

Mashamba ya wengine yalitangulia kuonja. Mwaka 1948 Profesa Emery Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, hakuwa na fedha ya kununua vioo vya banda la kuoteshea mboga, akafunika banda lake kwa karatasi ya plastiki. Ilifaa, na akaendelea kujaribu plastiki hata ya kutandaza juu ya udongo. Jambo hilo liliwasaidia wakulima wengi, na tusilibeze: nailoni ikitandazwa juu ya tuta na kutobolewa tundu la mche, udongo hubaki na joto na unyevu, magugu hayaoti, maji kidogo yanatosha. China ililipokea kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, likaenea katika mamilioni ya hekta. Katika jimbo kavu la Xinjiang pamba hulimwa karibu yote chini ya nailoni. Mavuno yalipanda sana, hata watu wakayaita mapinduzi meupe.

Shida ilikuwa unene. Ili iwe rahisi kununulika, nailoni ilitengenezwa nyembamba mno, milimita 0.008 na hata pungufu ya hapo. Msimu ukiisha huwezi kuivuta, inachanika mikononi. Wakulima waliilima pamoja na mabua, mwaka baada ya mwaka, hadi mizizi ikaanza kukutana na tabaka za plastiki na maji yakashindwa kupita sawasawa, na mavuno yaliyokuwa yamepanda yakaanza kurudi nyuma mahali ambapo mabaki yalizidi. Yale mapinduzi meupe yakapata jina jingine, uchafuzi mweupe. Tangu mwaka 2018 sheria ya China inadai nailoni ya shambani isiwe nyembamba kuliko milimita 0.01, ili angalau iweze kukusanywa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa taarifa Desemba 2021 likikadiria kwamba kilimo na ufugaji duniani hutumia tani milioni 12.5 za vitu vya plastiki kwa mwaka, na likaonya kwamba udongo hupokea plastiki nyingi kuliko bahari.

Kauli hiyo ya mwisho ilitushangaza, maana picha tulizozoea ni za kasa na samaki. Ndivyo elimu yenyewe ilivyokwenda. Ni mwaka 2004 tu ambapo Richard Thompson wa Plymouth, Uingereza, alichapisha pamoja na wenzake habari za chembe za plastiki ufukoni na baharini, na neno maikroplastiki likaenea. Mwaka 2012 Matthias Rillig wa Berlin akauliza kwa maandishi, je, udongoni? Na mwaka 2016 Esperanza Huerta Lwanga na wenzake wa Wageningen, Uholanzi, wakaonyesha kwamba minyoo ya ardhini iliyolishwa majani yaliyochanganywa na polithini nyingi ilidumaa na mingi zaidi ikafa. Minyoo hao hao huzishusha chembe chini zaidi ya jembe linapofika.

Lakini utafiti uliotukaa moyoni ni wa mwaka uliofuata, 2017, wa mama huyo huyo, safari hii katika bustani za nyumbani za watu maskini huko Campeche, Mexico. Watu hao, kama sisi, huchoma na kufukia taka zao uani. Katika gramu moja ya udongo wa bustani walikuta wastani wa chini ya kipande kimoja cha plastiki. Katika gramu moja ya kinyesi cha minyoo wa bustani hiyo, karibu vipande 15. Katika gramu moja ya kinyesi cha kuku waliokula minyoo hao, karibu 130. Na ndani ya firigisi za kuku hao walikuta plastiki pia. Tuliposoma hayo kikaoni, akina mama waliwageukia akina baba, kwa kuwa kila mtu anajua nani huwekewa firigisi. Madhara yake katika mwili wa mtu bado yanachunguzwa. Lakini njia kutoka jalalani hadi sahanini haichunguzwi tena. Imekwisha kuonekana, na ni fupi.

Sasa turudi kwenye vile vipande vyeusi. Tuliviosha, tukavipanga juu ya meza ya ofisi ya usharika, na ni mlinzi wa kanisa aliyevitambua akipita tu. Vilikuwa viriba.

Kwa miaka kumi na nne usharika wetu ulikuwa na kampeni ya miti. Kila kijana wa kipaimara alipanda miche kumi kabla ya kubarikiwa, na kitalu kilikuwa pembeni mwa shamba hili hili, karibu na mfereji. Tulijivunia kampeni ile. Tulipiga picha, tukahubiri juu yake, wageni wakaonyeshwa. Kila mche ulikaa katika kiriba cheusi cha plastiki. Wengine walikata kiriba na kukitupa palepale, wengine walipanda mche na kiriba chake kwa haraka ya kumaliza, na vijana wa kipaimara tunawajua, haraka huwa nyingi. Hatukukusanya hata kimoja. Tulikuwa tukiitunza kazi ya Muumba kwa mkono mmoja na kuichafua kwa mwingine, huku tukiimba. Miti imesimama, kwa kweli, na chemchemi ya juu imeanza tena kutoa maji kiangazi. Hatuifuti kazi ile. Lakini viriba navyo viko, na aliyeviweka si mgeni.

La pili tulilolikuta ni letu pia. Miaka sita iliyopita tulipata lori la mboji ya bei nafuu iliyotoka kwenye taka za sokoni mjini. Tulishukuru kwa maombi. Ilikuwa nyeusi, nzuri, na ndani yake mlikuwa na vifuko vya pombe kali, vile viroba vilivyopigwa marufuku Machi 2017, vikiwa vimekatwakatwa pamoja na maganda. Tuliviona, tukasema vitaoza. Tena tumekuwa tukichoma taka za ofisi na za sherehe nyuma ya jengo, na majivu tunayapeleka kwenye mboga kwa ajili ya wadudu. Plastiki haiungui yote. Inayobaki huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, nazo tulizipeleka shambani kwa beseni.

Kuna mfano wa Bwana Yesu katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, wa mtu aliyepanda mbegu njema, na adui akaja usiku watu wamelala, akapanda magugu katikati ya ngano. Watumwa walitaka kwenda kuyang'oa, mwenye shamba akawazuia, wasije wakang'oa na ngano. Mwinjilisti wetu aliusoma mfano huo katika kikao, na tukauzungumza hadi giza likaingia. Ulitufaa na haukutufaa. Haukutufaa kwa sababu hakuna adui wala usiku: magugu haya tuliyapanda wenyewe, mchana, tukiwa macho, mengine kwa maombi. Ulitufaa kwa sababu ya lile katazo. Chembe hizi haziwezi kung'olewa. Mmoja wetu alipendekeza tukwangue udongo wa juu tuutoe. Mzee mmoja akamwuliza, "Tuutoe tuupeleke kwa nani?" Na udongo wa juu ndio shamba, chini yake ni mfinyanzi mwekundu usiozaa kitu.

Watawala wamefanya sehemu yao, ingawa si yote. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na sisi Tanzania tukaiaga rambo tarehe 1 Juni 2019. Tofauti inaonekana kwa macho njiani na miferejini. Lakini katazo letu lilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya kilimo, pamoja na vya viwanda na vya hospitali, viliachwa nje. Mfuko wa mbolea, nailoni, kiriba na mpira wa matone havikuguswa. Machi 2022 mataifa yalikutana Nairobi yakakubaliana kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki. Agosti 2025, huko Geneva, mazungumzo yalivunjika bila mkataba. Hatutausubiri ili tujue la kufanya na ekari moja na nusu.

Baraza la wazee liligawanyika. Baadhi walitaka shamba lipumzishwe na mboga za mizizi zisipandwe tena humo. Wengine wakauliza watoto kumi na mmoja nao watapumzishwa wapi. Kweli ni kwamba mashamba ya nyumbani kwetu, tuliyoyachekecha baadaye, hayakuwa bora kuliko la usharika. Mawili yalikuwa mabaya zaidi, nayo ni ya wanakamati. Shamba linaendelea kulimwa. Tulichokubaliana ni kidogo: hakuna kuchoma plastiki uani kwa kanisa, mboji itatengenezwa hapahapa kwa majani na samadi tunayoiona ikitoka zizini, na kabla ya kila msimu watu wataingia na ndoo kabla ya majembe. Mara ya kwanza tulijaza ndoo saba. Vinavyoonekana kwa macho hutolewa; visivyoonekana vinabaki. Mwalimu anasema kila kipande kinachotolewa kikiwa kizima ni chembe elfu ambazo hazitazaliwa, na hilo limetosha kuwatoa vijana nyumbani Jumamosi.

Kitalu nacho kimerudi kwenye magamba ya migomba. Awamu ya kwanza ilitushinda. Tulitumia gamba bichi, likanyauka na kufunguka, tukapoteza karibu theluthi ya miche, na wapo waliosema bora viriba. Bibi aliitwa. Alikuja na mjukuu wake, akaketi juu ya gogo, akatuonyesha kwamba gamba huanikwa kivulini siku mbili kwanza, kisha hukunjwa mara mbili, na kufungwa kwa uzi wa mgomba huo huo. Akaona mmoja wetu ametoa mfukoni kamba ya manila ili amalizie upesi, akamtazama tu mpaka akairudisha.

Aliyeinunua ile karoti mara ya pili aliwapa watoto wa Shule ya Jumapili. Ilioza wiki ya tatu, kama karoti. Pete waliiosha, nayo ipo dirishani mwa ofisi ya usharika, karibu na kitabu cha sadaka. Mwezi wa tatu, mvua zikianza, tutapanda viazi upande wa juu na karoti upande wa mfereji, na vijana wameombwa waje siku mbili kabla, na ndoo.